Dawa ya Tenere Kubwa katika Shamba la Mama-Mkwe

Wanaonifahamu hapa Kolwezi wanajua ya kuwa mimi sikusaidiwa na mtu. Shule niliiacha darasa la tatu, na shule yenyewe haikulia. Nyumba yangu ya Manika, yenye vigae mpaka chooni, imetoka mikononi mwangu. Kusema kweli imetoka chini ya kitanda changu, maana wakati ule nilikaa Kasulo, na watu walipogundua kwamba kobalti imelala chini ya nyumba zetu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kutoboa sakafu ya chumba cha kulala. Majirani walianzia uani, kwa woga. Mimi nilianzia chini ya godoro.

Kazi hiyo ilinifundisha tenere. Kwa msomaji asiye wa kwetu: tenere ni namba inayosema ndani ya jiwe mna madini kiasi gani. Kwenye madepo wanunuzi wana kamashine ka kupimia, wanakaelekeza kwenye jiwe, namba inatokea, na mtu anacheka au anashika kichwa. Mimi sihitaji kamashine. Nikilipima jiwe kwa kiganja na kulilamba pembeni, nakuambia. Namba kubwa ni jiwe, namba ndogo ni udongo. Sheria hiyo ilinilisha, ikaniozesha, ikaninunulia gari refu ambalo watoto wanalipigia makofi. Sikuwa na sababu ya kudhani kuna mahali duniani ambapo haifanyi kazi.

Sasa, mama-mkwe wangu anakaa upande wa barabara ya Kasaji. Binti yake nimemwoa miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo yote mimi na mama huyo tulikuwa hatujasemezana neno. Si ugomvi, ni heshima. Katika ukoo wao mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani machoni wala hawajibizani. Kukiwa na neno, linapita kwa mke. Basi huwa tunakaa, mimi kwenye kiti chini ya kibaraza, yeye kwenye kigoda amegeukia jiko, hatua tano katikati, tunasikiana vizuri kabisa, na mke wangu anasimama kati yetu akirudia kila kitu kama mtafsiri wa mhubiri mgeni kanisani.

Mama huyo ana mahindi yake. Si mbegu ya duka. Ni mahindi meupe, mafupi, ya mama yake mzazi, na kabla ya hapo sijui ya nani. Kila mwaka anachagua magunzi mazuri yenye punje zake, anayatundika juu ya jiko yakae kwenye moshi, na mvua ikifika anapanda. Wanawake wa vijiji viwili huja kumwomba. Mwaka ninaousimulia, mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya, kwa hiyo alikuwa amepanda mbegu yote. Juu ya moshi hakikubaki hata kigunzi kimoja. Shamba lile likifa, mahindi yale yamekwisha duniani.

Ndipo viwavi vikaingia. Ni vile vinavyojificha ndani ya moyo wa hindi na kula jani kabla halijafunguka. Asubuhi moja, tukinywa chai, mke wangu akaniambia kwamba mama yake anaviokota kimoja kimoja kwa mikono, na ndani ya kila moyo wa hindi anatia majivu na muchanga.

"Majivu?" nikasema. "Anapanda mahindi ao anaosha sufuria?"

"Njo dawa yake," akajibu, yaani hiyo ndiyo dawa.

"Nyamaza, bibi. Dawa nitaleta mimi."

Nikaenda soko la Manika. Kuna mama mmoja anauza dawa za mashamba chini ya mwavuli, chupa zimepangwa pamoja na sabuni na nyavu za mbu.

"Mama, nipe dawa ya mahindi."

"Mahindi iko na nini, tata? Bidudu ao—"

"Onyesha namba mbele."

Akanyanyua kachupa kamoja. Nikatafuta namba kubwa kwenye karatasi yake: hamsini. Akanyanyua na chupa kubwa niliyoielekeza kwa kidole: mia nne na themanini. Nilicheka mpaka muuza sukari wa jirani akageuka.

"Hii hamsini munauzishaka nani? Bagonjwa?"

"Tata, ile ya hamsini njo ya bidudu. Hii kubwa, hii ni ya ku—"

"Mama, mi najua tenere tangu weye ungali unabebwa mugongoni. Nifungie hii."

Alinitazama, akaitazama saa yangu ya dhahabu, akafunga. Kwenye chupa palikuwa na maneno mengine ya Kifaransa, mengi, madogo kama mayai ya chawa. Sikuyasoma. Maneno ni ya muuzaji, namba ni ya jiwe.

Jumamosi yake nikafika kijijini na pompi mpya ya kunyunyizia, ya kubeba mgongoni, suti ya kijivu na miwani ya jua. Watu wanasema kazi ya shamba haitaki suti. Hao ndio ambao hawajawahi kufanya kitu kikatazamwa.

"Ambia buko aache," mama-mkwe akaliambia jiko lake. Buko ni mkwe, yaani mimi. "Bidudu tunaokota. Binapunguka."

"Mama anasema uache, bidudu binapunguka," mke wangu akarudia.

"Ambia mama asiogope. Hii ni tenere mia nne na themanini."

"Anasema ni tenere mia nne na themanini."

"Tenere ni nini?"

"Anauliza tenere ni nini."

"Ni nguvu!"

Mama-mkwe akasukuma kuni jikoni. Kisha: "Ambia buko, ile mistari saba ya pembeni ya muto asiiguse. Pale tunatekaka mayi, na mboga yangu ya lengalenga iko mule katikati."

Angekuwa mtu mwingine ningemfundisha. Lakini neno la mama-mkwe halibishiwi. Mistari saba nikaiacha, kwa huruma, kama unavyomwachia mtoto mfupa.

Kwenye chupa palichorwa kifuniko kimoja na pompi moja, maana yake kifuniko kimoja kwa pompi. Mimi nikatia vinne. Pompi ilivuja kidogo upande wa kiuno, suruali ikalowa mpaka kiatuni. Nilinyunyiza shamba lote lililobaki kwa masaa matatu, na kila mara kiwavi kilipodondoka kwa kupigwa na maji nilikionyesha kwa watu waliosimama njiani. Nilipomaliza nikashuka mtoni kuosha pompi.

"Ambia buko ile kitu asioshe mu mayi!"

Safari hii mke wangu hakuwa na haja ya kurudia, sauti ilifika yenyewe. Nikageuka, nikairudisha pompi mgongoni inavyovuja, nikatembea nayo mpaka kwenye gari.

Baada ya siku kumi nikarudi, na safari hii nilichukua wanunuzi wawili wa kobalti, rafiki zangu wa depo, na sanduku la bia. Walikuwa wamesema kwamba mtu wa mawe hajui mashamba. Nilitaka waone.

Waliona. Shamba lilikuwa rangi ya tumbaku. Hindi baada ya hindi, limelala, limekauka kama limepitiwa na moto usio na moshi. Na kwenye njia, kati ya nyasi mbichi, palikuwa na nyayo. Nyasi zilikuwa zimekufa kwa umbo la kiatu changu: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kutoka ukingo wa mto mpaka pale nilipofungua mlango wa gari. Hapo palikuwa na duara zima, maana nilisimama kujibu simu.

Mmoja wa wale wanunuzi aliinama, akagusa unyayo mmoja kwa kidole.

"Mukubwa," akasema, "tenere iko. Hata nyasi inakubali."

Viwavi je? Vizima. Vilikuwa vimenenepa. Kwa kuwa nilikuwa nimeviharibia chakula, vilifanya anachofanya mchimbaji shimo likikauka: vilihama. Vyote vilikuwa vinakwenda kwenye mistari saba ya mtoni. Na kule, kati ya mistari, mama-mkwe alikuwa amepiga magoti, bakuli la majivu pembeni, anaokota.

Pale alikuwa amesimama pia agronomu wa serikali, mtaalamu wa kilimo, dada mmoja mdogo aliyekuja na pikipiki, ameitwa na wanawake wa kijiji. Mkononi alishika chupa yangu, nilikuwa nimeiacha chini ya kibaraza.

"Nani alinyunyiza hii?"

Wote waliangalia njia.

"Tata, mahindi ni nini?" akaniuliza.

"Ni chakula."

"Mbele ya kuwa chakula?"

Nikafikiri. "Ni mahindi."

"Ni majani, tata. Hii dawa ni ya kuua majani. Uliituma kuua majani, ikaua majani. Kidudu si majani, kimekushukuru."

"Lakini namba—"

"Namba inasema kiasi gani iko ndani. Haiseme inaua nini."

Akaniuliza kama nilivaa kitu mdomoni na mikononi. Nikamwambia nilivaa miwani. Akawaambia wanawake wasichume sombe, yaani majani ya muhogo, ya ukingoni mwa shamba mpaka miti itoe majani mapya, na kwamba kama pompi ingeoshwa mtoni, samaki na vyura wangekufa kwanza na watu wangekunywa yaliyobaki. Aliyasema hayo akimwangalia mama-mkwe, si mimi, kama vile yeye ndiye aliyesoma.

Mimi si mtu wa kukimbia. Nikasimama mahali pangu, hatua tano.

"Ambia mama nitaleta unga. Magunia kumi. Unga ya Zambia, nyeupe."

Mke wangu hakurudia. Mama yake alijibu bila kugeuka:

"Umuulize buko, ukipanda unga, inaotaka?"

Marafiki zangu walipakia bia garini. Mimi nikavua koti, nikaingia mistarini.

Siku sita sikuonekana depo. Asubuhi tunaokota viwavi, tunavitia kwenye kopo la maji ya sabuni. Jua likipanda tunatia majivu na muchanga. Nilikuwa na haraka kuliko wote, hilo hata mke wangu atashuhudia. Siku ya tatu nikachota majivu kwa viganja viwili, nikaujaza moyo wa hindi moja mpaka ukafurika.

"Weye!" Sauti ilitoka nyuma yangu, karibu. "Kidogo! Unataka kuizika?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Hapana, mama."

Mke wangu alifunika mdomo. Miaka kumi na tisa, na heshima yote imevunjika kwa kiganja cha majivu. Mama-mkwe alikuwa amenitazama machoni, nami nilikuwa nimemjibu. Ikabidi mjomba wa mke wangu aitwe. Akatuweka chini, akasema jambo kama hilo linarekebishwa kwa kuku, na kuku anatolewa na aliyesababisha. Nikauliza nani amesababisha. Wote wakanigeukia. Nikaleta mbuzi, kwa sababu mimi sifanyi vitu vidogo.

"Kuku," akasema mama-mkwe. Mbuzi akarudi garini.

Mistari saba ikatoa. Mahindi ya kula hayakutosha, mwaka ule walikula unga wangu wa Zambia, na kila aliyekula nilimkumbusha. Lakini mbegu ilipatikana, kikapu kimoja, magunzi mafupi meupe, akayatundika mwenyewe juu ya moshi.

Mama huyo ana wakwe wanne. Mmoja ni karani mwenye diploma, mwingine mwalimu, mwingine anaimba kanisani. Wote watatu mpaka leo wanapelekewa maneno kupitia kwa wake zao. Mimi peke yangu ananiita mwenyewe kwa simu. Hata mvua za mwaka huu, mahindi yalipofika magotini, alinipigia asubuhi mapema.

"Buko, mahindi imeota muzuri," akasema. "Bidudu bimeanza kidogo. Ubakie kwako, usikuye."