Godoro la Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini Malaba, mkubwa wangu, Afisa wa Watoto, alinipa daftari na onyo moja.

"Dada, ukiitwa kwa mtoto anachoma vitu, usikimbilie kiberiti. Angalia kwanza nini imeungua."

Niliandika, kisha nikasahau.

Moto wa watoto tuliugawa aina mbili. Kuna wa udadisi, mtoto mdogo anataka tu kuona nyasi zikiwaka, huyo hufundishwa. Na kuna wa kurudiwa kwa siri. Huyo ana jambo, na huulizwa polepole, peke yake. Kumchapa au kumchoma vidole kwa kaa la moto humfundisha kujificha tu.

Nilipohamishiwa mjini Busia, mama mmoja wa mtaa wa Burumba, muuza petroli ya mitungi, aliniita. Binti yake Nekesa, wa miaka tisa, alikuwa amechoma godoro mara mbili.

"Madam, huyu mtoto atanimaliza. Nimemchapa mpaka mkono umechoka."

Nilikuwa na kesi mahakamani, mbio mbio. Nikamuuliza Nekesa mbele ya mamake kwa nini anachoma. Akatazama miguu yake. Niliandika "utundu", nikamwambia mama afiche kiberiti na aondoe mitungi chini ya kitanda, nikaenda zangu.

Mitungi haikuondolewa. Juma lililofuata godoro liliwaka tena, mchana, mama akiwa sokoni. Nekesa alitoka. Mdogo wake Nafula, aliyekuwa amelala chumba cha pili, hakutoka.

Jirani ndiye aliyenieleza. "Si huyo Nekesa hukojoa kitandani? Kila asubuhi mamake anaanika godoro hapo barabarani, wenzake wakipita kwenda shule wanamcheka."

Nilikuwa nimeliona siku ile niliyoitwa. Lilikuwa limeegemezwa mlangoni, nami nililizunguka nisichafue sketi.

Mratibu wa Kaunti, mkubwa wangu wa Busia, aliposoma faili hakunigombeza. "Umeandika utundu," alisema. "Utundu wa nani?"

Nekesa alipelekwa kwa shangazi yake Kocholia. Nilimfuata huko, nikaketi naye peke yetu, nikauliza kwa nini lilikuwa godoro kila mara.

"Nilitaka watu wasilione tena," akasema.

Sasa nimestaafu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui. Nikiona godoro limeanikwa mbele ya nyumba, hubisha hodi.

"Mama, unataka nani?"

"Sitaki mtu. Nishikie upande huo, tulipeleke nyuma."

Wengine hunifukuza. Kesho yake narudi.