Nilimbadilishia Baba Mwisho wa Hadithi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkaanza kunitafutia visingizio katikati. Nilimdanganya baba yangu mzazi, kisha nikamdanganya mdogo wangu, na nilichotumia ni gemu la kwenye kompyuta. Najua ukisikia gemu utacheka. Hata mimi zamani ningecheka.

Naishi Ilemela, kwenye zile nyumba za juu ya mawe. Nafundisha Kiingereza sekondari. Jina langu liacheni. Mdogo wangu nitamwita Novati, ingawa si jina lake.

Tumezaliwa wawili tu. Sisi ni watu wa Kagera, lakini Baba alikuja Mwanza akiwa kijana, akapata kazi kwenye kivuko cha Kigongo, ya kuelekeza magari yakipanda na kushuka. Alikuwa na sauti huyo mzee. Dereva wa lori aliyekuwa mwisho kabisa wa foleni alimsikia. Mama alifariki tukiwa bado shule ya msingi, Baba akatulea mwenyewe, hakuoa tena.

Novati alipelekwa seminari. Baba akawa anatembea kifua mbele mtaani, kila mtu alijua mwanawe atakuwa padre. Basi ikafika siku Novati akarudi na begi lake, akasema upadre haumo ndani yake, na kuna binti anataka kumuoa.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Toka. Na ukitoka usirudi."

Novati akatoka. Akaenda Sengerema, upande wa pili wa maji, akaoa, akafungua duka la vifaa vya shule. Miaka mitano hawakusemezana.

Katika miaka hiyo sukari ikala macho ya Baba. Kwanza akashindwa kusoma, halafu akawa anaona vivuli tu. Mimi ndiye niliyebaki naye. Nilimchoma sindano asubuhi na jioni, nilimwosha miguu na kuikagua kidole kwa kidole. Kuna mwanaume alitaka kunioa, akahamishiwa Dodoma, nikamwambia siwezi kumwacha mzee. Akaenda. Sasa hivi ana watoto wawili.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili muelewe uchungu uliingilia wapi.

Baba hakulitamka jina la Novati hata mara moja. Lakini kila asubuhi, nikimwekea chai, aliuliza, "Huko Sengerema mvua imenyesha?" Chai nimepika mimi, dawa nimempa mimi, shuka nimefua mimi, na yeye anauliza mvua ya Sengerema. Nilikuwa najibu, "Sijui, Baba." Moyoni nilikuwa nawaka.

Sasa gemu.

Mimi napenda magemu ya hadithi. Si ya kurushiana risasi. Kuna magemu yameandikwa na watu wanaojua kuandika kweli kweli. Wewe humpigi mtu, unachagua tu mtu wako aseme nini, na ukishalisema neno halirudi, litakufuata mpaka mwisho. Nimesoma vitabu vingi, ni kazi yangu, lakini kuna magemu yameniliza kuliko kitabu chochote.

Mwalimu mwenzangu alinipa moja. Lilikuwa la mzee mmoja anayelinda stesheni ya treni ambayo ilishafungwa. Treni haziji, lakini kila siku anafagia jukwaa na kuandika kwenye ubao saa za treni. Hakuna sauti za watu, ni maandishi na muziki tu, yote kwa Kiingereza.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nacheza sebuleni, Baba amekaa kwenye kiti chake. Nikacheka.

"Unacheka na nani?" akauliza.

"Na mzee mmoja humu, Baba."

"Kasema nini?"

Nikamtafsiria. Kuna mama muuza chai alikuwa amemuuliza yule mzee anasubiri treni gani, naye akamjibu, "Ile iliyochelewa." Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasogeza kiti. "Endelea. Halafu?"

Ndivyo tulivyoanza. Kila siku nikitoka shule, saa kumi hivi, nilimkuta ameshakaa anasubiri. Nilimsomea kila kitu kwa Kiswahili, na yeye ndiye aliyechagua majibu.

"Mwambie ile ya kwanza. Hapana, ngoja. Ile ya tatu. Huyo mama anampenda, mzee haoni."

Baba hakuwa na Kiingereza, lakini alinisahihisha. Kuna mahali nilisoma, "Ninasikitika sana kwa nilichokifanya." Akasema, "Mzee hawezi kuongea hivyo. Mzee atasema, 'Nimekosa.'" Nikaitazama ile sentensi tena. Alikuwa sahihi. Yule baba ambaye hakumaliza darasa la saba alikuwa na sikio kunizidi mimi mwenye digrii.

Niwaambie ukweli, zile zilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizoishi na baba yangu. Alikuwa wangu peke yangu. Hata mvua ya Sengerema akaacha kuiuliza.

Kisha yule mzee wa stesheni akafungua chumba cha mizigo, akakuta mfuko wa barua. Zilikuwa zimekuja na treni ya mwisho na hakuna aliyezigawa. Zote zilikuwa zake. Ziliandikwa na mwanawe, ambaye mzee mwenyewe alimfukuza miaka mingi nyuma.

Nilipomsomea hilo, niliacha kubofya. Nilidhani ataniambia nizime.

Akasema, "Fungua moja."

Tulikuwa tunafungua barua moja kwa siku, Baba hakutaka zaidi. Hazikuwa barua za kulia. Yule kijana aliandika mambo madogo madogo, kwamba chumba chake kinavuja, kwamba amejifunza kunyoa ndevu peke yake na bado anajikata. Baba alisikiliza hiyo ya ndevu, akashika kidevu chake, akakaa hivyo muda mrefu.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, baada ya chai, Baba akaniita.

"Mama, namba ya mdogo wako unayo?"

Miaka mitano sijamsikia akisema mdogo wako. Nikajibu, "Ipo, Baba."

"Leo tukimaliza hilo gemu, nipigie. Nataka kuongea naye."

Mtu mwema angefurahi. Mimi nilienda jikoni nikashika ukingo wa karo la vyombo. Akilini nilimwona Novati anarudi, Baba anamshika uso, wanalia, halafu mimi naambiwa niwapikie ndizi. Yeye alioa, akaishi maisha yake. Mimi niliyebaki sitahesabiwa kitu. Hayo ndiyo niliyoyawaza, sifichi.

Saa kumi tukakaa. Yule mzee wa kwenye gemu amesimama mbele ya simu ya ofisini. Yalikuja maneno ya kuchagua: apige au asipige.

"Apige," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya kivukoni.

Nikabofya. Simu ikaita. Ikapokelewa. Kwanza hakukuwa na neno, mstari mtupu tu. Kisha yakatokea maandishi ya yule kijana, maneno machache.

Baba, umekula?

Hayo tu. Miaka yote ile, na mwandishi akampa kijana maneno hayo tu. Machozi yalinitoka palepale.

"Anasema nini?" Baba akauliza. Alikuwa ameinama mbele, masikio wazi, macho yake yanatafuta mwanga wa kioo.

Nikasema, "Bado inaita, Baba."

Akasubiri.

"Imekatika," nikasema. "Hakupokea."

"Apige tena."

"Haikubali. Gemu limeisha hapo."

Muziki ulikuwa bado unapigwa. Baba akageuza kichwa. "Mbona muziki wake ni wa furaha?"

"Ndivyo walivyouweka," nikajibu, nikafunga kompyuta.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo na alishayajua. Akasema, "Aliyeandika hilo anajua mambo." Halafu akasema, "Hiyo namba iache, mama. Mtu akishachoka, amechoka. Tusimsumbue."

Ningeweza kufungua kinywa. Nilikuwa na dakika hiyo, nilikuwa na jioni nzima, nilikuwa na kesho yake. Nikamuuliza kama anataka uji.

Haikufika wiki tatu, Baba akaanguka bafuni asubuhi. Tulimfikisha hospitali. Alasiri yake akafariki, nimemshika mkono. Tangu aanguke hakuongea tena.

Nilimpigia Novati mimi mwenyewe. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

Tulimzika Baba kwao Kagera, kwenye migomba ya babu. Watu walipotawanyika, Novati alinisogelea. Amekonda, ndevu zimejaa uso. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hakuwahi kuniulizia? Hata mara moja?"

Nikamjibu, "Hakuwahi."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Ningesema alimuulizia, angeuliza mbona hakupiga. Na hilo nisingeweza kulijibu.

Arobaini ilipopita, Novati na mkewe Leokadia walikuja Ilemela tupange nguo na vitu vya Baba. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kuwasalimia. Katika maongezi akamwambia Novati, "Baba yenu siku za mwisho alikuwa na gemu lake la stesheni. Alikuwa ananisimulia kila nikipita. Dada yako alimsomea vizuri."

Novati akanigeukia. "Baba alikuwa anacheza gemu?"

Nikasema ndiyo. Akaomba alione. Alisema anataka kusikia alichokuwa anakisikia Baba. Ningemnyima kwa sababu gani?

Alilicheza siku mbili, hakutaka kutoka hata nje. Siku ya pili nilienda shule, nikafundisha bila kujua ninachofundisha. Niliporudi, nilimkuta kwenye kiti cha Baba. Leokadia alikuwa amesimama nyuma, amemshika mabega. Kwenye kioo yalikuwa yale maneno ya kijana.

"Dada, mlifika hapa?"

"Tulifika."

"Ulimsomea?"

"Nilimsomea."

Akatikisa kichwa, vilevile kama Baba. "Kwa hiyo alisikia kijana anapokea simu. Alisikia anaulizwa kama amekula. Na bado hakunipigia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Basi alinichukia kweli, Dada. Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba labda ni ukali tu."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nilidhani nimemficha Baba mwisho wa hadithi. Kumbe nilikuwa nimemwandikia Novati baba mwingine, mwenye roho ya jiwe, na yeye atatembea na huyo baba mpaka kufa kwake.

Nikapiga magoti sakafuni, nikasema yote. Namba aliyoiomba, simu niliyosema imekatika, na muziki aliouuliza. Hata jibu nililompa kule migombani.

Novati hakunigusa wala hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja.

"Alisemaje? Kwa maneno yake mwenyewe."

"Alisema, 'Leo tukimaliza hilo gemu, nipigie. Nataka kuongea naye.'"

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia mara ya tatu, nikashindwa kumalizia. Leokadia alikuwa analia kwa sauti. Novati akainuka, akachukua koti la Baba pekee, vingine vyote wakaviacha kitandani nilipokuwa nimevipanga. Jioni hiyo hiyo wakaondoka.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Leokadia alinitumia meseji moja: "Wifi, mwache kwanza." Nimemwacha. Mwezi uliopita nilishindwa, nikapanda gari, nikavuka kwa lile daraja jipya la Kigongo, nikaenda hadi dukani kwake. Alikuwa anapanga madaftari. Akaniona, akasema, "Shikamoo, Dada." Nikaitikia, marahaba. Nikasubiri. Akaniuliza, "Nikuhudumie nini?"

Nikanunua kalamu mbili, nikaondoka.

Ile chuki yangu ilinipa nini? Baba nimemzika akiamini mwanawe amemchoka. Mdogo wangu yupo na hayupo. Nyumba niliyotaka niwe peke yangu na mzee, nimeipata, nipo peke yangu.

Wewe unayesoma hapa, labda kuna mtu nyumbani anakutegemea umsomee. Labda ni mama asiyejua kusoma na simu yake imeingia meseji, au bibi asiyeelewa daktari anasema nini. Najua unachoka. Najua kuna siku unaona hawakuthamini, na neno moja ukiligeuza hakuna atakayejua. Usiligeuze. Msomee kama lilivyo, hata kama linakuuma wewe. Asikie mwenyewe, aamue mwenyewe. Mimi niliamua kwa niaba ya baba yangu, na sasa sina wa kumwambia nimekosa.