Barabara Iliyoota Majani

Wadau, mmewahi kuona barabara ikichipua?

Mimi nimeiona. Tena niliipanda kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara ilipoachwa huria, na wanunuzi binafsi wakaanza kufika na malori yao hadi vijijini kwetu Rungwe kufuata ndizi. Kijiji kikaunda kamati ya mipango. Nikachaguliwa katibu kwa sifa moja kubwa: mwandiko wangu wa ubaoni.

Njia yetu ilikuwa ikinikera. Ilizunguka kila nyumba, kila kaburi, kila shina la mgomba, utadhani ilichorwa na mlevi.

Nikaamua kwamba Ackson, mnunuzi wetu mkubwa, apate barabara iliyonyooka hadi katikati ya kijiji.

Bahati mbaya, mstari wangu ulipita katikati ya migomba ya Bibi Atupokile.

"Gwe Mwalimu," aliniambia, "hii migomba ndiyo inayonilisha. Na mzee wangu amelala humu."

"Bibi, maendeleo hayana budi kunyooka."

Hadi leo sijui nilimaanisha nini.

Mke wangu, Dainess, alinikuta nikikata vigingi kwenye uzio wa miti mibichi wa shule.

"Baba Felista, si uchukue miti mikavu?"

"Mikavu imepindapinda. Vigingi lazima vilingane."

Nikavipigilia safu mbili, vikanyooka kama wanafunzi mstarini. Migomba ingekatwa nikirudi kutoka semina ya mipango ya mwezi mzima kule Mbeya.

Mvua ya Rungwe haikungoja semina iishe.

Niliporudi, barabara yangu ilikuwa ya kijani. Kila kigingi kimetoa majani! Na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha darasa la sita somo la vipandikizi.

Pale kijijini, mti hai uliopandwa shambani ni alama ya mpaka. Mpaka ukigombewa, halikatwi hata jani hadi wazee wasikilize shauri.

Nikaitwa kikaoni, palepale shambani, kama mnyang'anyi wa ardhi.

"Mwalimu amenipandia mipaka miwili," alisema Bibi, uso mkavu. "Naomba aulizwe, anahamia lini?"

Watu walivunjika mbavu. Dainess alicheka kuliko wote.

Nikajikohoza. "Ndugu wajumbe, hii ni barabara ya lori la Ackson. Tukiikosa, atahamia kijiji kingine."

Mwenyekiti, Mzee Ambindwile, akaagiza Ackson aitwe. Alikuwa akipakia ndizi barabara kuu.

Ackson akatazama vigingi. Akatazama migomba. Akanitazama mimi.

"Ticha, migomba yote hii ikatwe ili lori lipite?"

"Ndiyo."

"Likapakie nini?"

Nikaanza kupekua daftari langu la semina ya Mbeya.

"Mimi siku zote nasimama kule juu, barabara kuu," akaendelea. "Nani alikwambia nataka kuingia mashambani kwa watu?"

Hakuna aliyeniambia. Sikuwahi kumuuliza.

Wazee wakaamua migomba ibaki, njia ya zamani imwagiwe kokoto panapoteleza, nami ning'oe vigingi vyangu.

Nilikuwa nimeshainama kung'oa cha kwanza Bibi aliponishika mkono.

"Viache. Katikati yake nitafuga ndama. Ndaga fijo, asante sana kwa zizi, Mwalimu."

Ile miti sasa ni mirefu. Kijijini wanaiita Barabara ya Mwalimu, na ng'ombe ndio wanaoitumia.

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kupanga kijiji cha watu, uliza kwanza kinaishi kwa kutegemea nini. Kamba na vigingi vije baadaye.

Na viwe vikavu.