Ulyankulu Wako Mkiani mwa Faili

Shemeji yangu wa Ulyankulu, dada wa mke wangu, hajui kubisha hodi kwa upole. Alifika kwangu Isevya, mjini Tabora, asubuhi, mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yameshatanda.

"Shemeji, kompyuta yenu imetukataa," alisema kabla hajaketi. "Mbolea ya ruzuku imekuja, jina langu halimo. Si langu tu, kijiji kizima. Mahindi nipandie nini, rozari?"

Nilicheka, halafu nikakumbuka kitu. Nimestaafu kwenye mtambo mkubwa wa kompyuta wa ofisi moja Dar es Salaam, na programu inayonakili orodha ya wakulima wa ruzuku kila msimu niliiandika mimi. Faili la orodha hiyo husomwa na kuandikwa kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, hakuna kuruka, na majina tuliyapanga kwa alfabeti ya mahali watu wanapotoka. Ulyankulu, Urambo na Uyui wako mkiani.

Sasa mimi na ubahili wangu! Enzi zile nafasi ya diski tuliigombania, nikalipangia faili lile diski moja tu. Mtambo hulipatia faili kipande cha nafasi, kikijaa hulipatia kingine, ila kwenye diski moja vipande havizidi kumi na sita. Wakulima wameongezeka, programu haijaguswa.

Nikampigia simu binti aliyerithi kiti changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee mstari wa mwisho wa faili la wakulima."

Hiyo ilikuwa desturi yangu: orodha haitoki kabla sijauona mstari wa mwisho, ule unaotaja jumla ya majina. Babu alinisimulia kwamba hata misafara ya zamani haikuhesabiwa imefika mpaka mpagazi wa mwisho atue mzigo. Lakini desturi yenyewe sikuiandika popote. Niliondoka nayo.

"Mzee," alisema baada ya kulifungua, "jina la mwisho ni la mtu wa Tabora. Mstari wa jumla haupo."

Kazi ya kunakili ilikatika kwa kukosa nafasi. Mtu wa zamu akaona faili lipo, akalituma hivyo hivyo.

Tabora! Ndiyo maana mfuko wangu mimi wa mbolea ulikuwa umeshafika, umeegemea nyuma ya mlango. Niliona aibu kweli.

Nilimwelekeza binti aongeze diski ya pili, ya kwanza ikijaa faili liendelee huko, na ile desturi aiandike. Shemeji alilala kwetu. Kesho yake ujumbe wa mbolea ukaingia kwenye simu yake, na hapo ndipo nikamwambia kosa lilikuwa langu.

Aliinuka. "Yaani umeoa kwetu, halafu ukatupimia nafasi tusifike?"

Akaufuata mfuko wangu nyuma ya mlango, akaanza kuuburuta kwenda nje. "Huu ni faini. Wewe ngoja huko mwisho wa orodha, uone kunavyokuwa."

Niliufunga mwenyewe kwenye bodaboda iliyokuja kumchukua, nikicheka, na nilikuwa na furaha kuliko siku niliyostaafu.