Flashi Iliyozimika Ndani ya Tangi

Tangi la maji la Misigiri lilikuwa linavuja, na hakuna aliyejua linavuja wapi. Pampu ya sola ililijaza mchana, lakini asubuhi kina mama wakifika bombani wanakuta maji yameshuka sana, na ukuta kwa nje mkavu kabisa. Kulimwaga lote ili fundi aingie kutafuta ufa kungewarudisha watu kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, tena kiangazi kimekaza. Mama mwenyekiti wa kamati ya maji alikataa. Ndipo binamu yangu, fundi wa tangi hilo, akanikumbuka.

Mimi ni mpiga picha wa Kiomboi: harusi, kipaimara, picha za pasipoti. Zamani kidogo nilinunua kwa mpiga mbizi aliyekuwa anaacha kazi kamera yenye kasha lisiloingiza maji, pamoja na flashi ya kupigia picha chini ya maji. Nilitaka kupiga picha samaki wa Ziwa Kitangiri. Maji ya ziwa yakanishinda kwa tope, vitu vikabaki kabatini.

Tulipanga kufunga kamera na flashi kwenye ufito mrefu, kuishusha kupitia mdomo wa tangi, na kuiacha ijipige yenyewe. Nilichaji seti mbili za betri, nne nne, mpaka taa ya chaja ikawa kijani. Nikaridhika.

Mama mwenyekiti alitupokea pale tangini. Tulimwamkia, akaitika, kisha akasimamia tuoshe kila kitu kwa sabuni, maana maji yale watu wanakunywa. Tukapanda juu, tukashusha. Mwanga mweupe ukamulika chini, ukamulika tena, halafu giza.

Kubadilisha betri za flashi ile si jambo la kuchomoa na kuchomeka. Unaikausha, unafungua mfuniko, unakagua mpira wa kuzuia maji, maana chembe moja ya mchanga ikikaa hapo maji yanaingia. Na juu ya tangi upepo wa kwetu haukuacha kuleta vumbi. Nilifuta mpira, vumbi likarudi, nikafuta tena, huku binamu amenikinga kwa koti lake. Tukashusha seti ya pili. Ikamulika kidogo, ikazima.

Binamu akakimbia dukani kuleta betri za kawaida, zile za redio. Flashi ilichukua muda mrefu mno kujikusanyia umeme wa kumulika, kamera ikapiga weusi mtupu. Tulipoitoa, mama mwenyekiti aliniangalia kutoka chini.

"Mwanangu, hicho kitu kinafanya kazi, au tunapoteza siku?"

Nilimjibu kwamba kinafanya kazi. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na hasira hata ya kutaka kukirusha korongoni.

Nikazichukua tena betri zangu za kuchaji, na moja ilikuwa ya moto mkononi kuliko wenzake. Nikamwomba binamu mita anayopimia umeme wa pampu. Tukazipima zote. Katika kila seti, betri moja ilikuwa imechoka, nayo iliposhindwa iliziangusha nyingine tatu. Chaja yangu huchaji mbilimbili, na taa moja husema kwa niaba ya zote mbili. Ilinidanganya, na mimi sikuwahi kuipima. Betri nzima zilikuwepo mfukoni tangu asubuhi, zinatosha seti na kubaki.

Nikazipanga zile nzima, nikafuta mpira mara nyingine. Safari hii mwanga uliendelea kumulika mpaka binamu akasema basi.

Kwenye picha, ufa ulionekana pale bomba la kutolea maji linapopita sakafuni. Mchanga ulikuwa umejikusanya kuuelekea. Binamu akakuna kichwa. Hapo hakuna namna ya kuziba bila kulimwaga tangi. Kazi yote ile, na bado tunarudi palepale.

Mama mwenyekiti aliitazama picha kwenye kioo cha kamera muda mrefu.

"Mara ya kwanza mlitaka kumwaga maji mkaanze kutafuta," alisema. "Sasa mnajua pa kuziba."

Watu walijaza kila ndoo na kila pipa, tangi likamwagwa, binamu akaingia moja kwa moja hadi kwenye ufa na kuuziba. Maji hayashuki tena. Zile betri mbili nilizitupa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.