Nestory na Maiki ya Kristiana

Watu wa mtaani kwetu hapa Sumbawanga humwita Nestory "bubu wa redio." Waongo! Nestory anaongea sana, ila anaongea na vyombo. Pita kibandani kwake utamsikia akiibembeleza redio ya mtu: "Haya mama, sema basi, unaumwa wapi?" Binadamu ukimsalimia, anaitikia kwa kichwa. Ndiye fundi sauti wa kikundi chetu cha maigizo cha parokia, na mimi Albina, ninayeigiza mama mkwe mkorofi, namjua tangu hajaota ndevu.

Mchezo wetu ulikuwa wa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na mwigizaji mkuu alikuwa Kristiana. Zamani akiimba, sauti inafika barabarani. Kisha akaota tezi shingoni, akapasuliwa, sauti ikabaki ya kunong'ona. Bila maiki hasikiki hata benchi la kwanza. Na Jumapili mama yake mzazi alikuwa anakuja kutoka Msanzi. Hakuwahi kumsikia mwanawe akiimba tangu apasuliwe.

Jumamosi tuliumbuka. Mama zetu mnawajua, mwigizaji akiwagusa hawakai chini. Wanainuka na vigelegele kwenda kumtunza, wanamfunika kitenge, wanamkumbatia. Hapo Nestory huwa anashusha sauti ya maiki, maana kitenge kikiisugua inanguruma. Lakini siku hiyo hakuna aliyefika jukwaani. Kristiana alianza tu wimbo wa kumlilia mtoto, ukumbi ukainuka, maiki ikakata. Krr, kimya, krr. Midomo inacheza, sauti hakuna. Walipoketi, ikarudi.

Gabriel, kiongozi wetu, akasema kwa upole, lakini akasema: ikikata tena kesho kwenye mazoezi, wimbo ataimba mwenzetu Silvana. Kristiana akalia nyuma ya pazia. Niliumia, acha tu.

Nestory akabadilisha betri. Akamwambia Kristiana avue sweta ili kile kiboksi cha kiunoni kinachorusha sauti ya maiki kisibanwe. Jumapili asubuhi wakajaribu wawili tu ukumbini, sauti safi kabisa. Misa ilipoisha nikaingia, Kristiana akiimba jukwaani, nikasimama mbele ya meza ya Nestory kule nyuma, alipoweka kipokezi, kile kidude cha antena mbili kinachodaka sauti ya maiki. Krr.

"Albina, hebu kaa."

Nikakaa. Sauti ikarudi.

"Simama."

Ikakata.

"We Nestory, usinichezee! Unene wangu umeanza lini kuua maiki?"

Akacheka, jambo ambalo sijui kama nimewahi kuliona. "Si wewe tu, dada. Ni miili. Jana wote walisimama kati ya Kristiana na kipokezi."

"Basi tuwakataze kusimama."

"Umkataze mama asimtunze mtu? Hawatarudi tena hapa."

Akavuta waya mrefu ukutani, akakipandisha kipokezi juu ya kabati kando ya jukwaa, juu kuliko vichwa vya watu, kikitazamana na Kristiana. Tukamwita Gabriel, tukaisimamisha kwaya nzima mbele ya jukwaa. Maiki haikukata. Gabriel akamwambia Kristiana, "Wimbo ni wako."

Mchana ukumbi ulifurika. Wimbo ulipoanza wakainuka wote, na mimi roho mkononi. Sauti ikaendelea, nyembamba, lakini mpaka mlangoni walisikia. Ndipo nikamwona yule bibi wa Msanzi akipanda jukwaani pole pole, kitenge mkononi. Nikageuka kumtazama Nestory. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi ya kushusha.

Bibi akamfunika mwanawe, akamkumbatia, akamwambia sikioni, na ukumbi mzima tukasikia:

"Mwanangu, mimi nilidhani walikukata hadi sauti."

Nestory hakushusha. Kidole alishakiondoa, anafuta nacho macho.