Mtazamaji wa Merigi

Mchuma chai mmoja wa Merigi akishatua kikapu kwenye kituo cha kupimia majani hukalia gunia, akajikanda kiuno, kisha akafungua simu. Vidole vyake vimekuwa vyeusi na vigumu kwa utomvu wa majani, hivyo hugusa kioo kwa kifundo. Mpaka lori la kubeba majani lije, huangalia tamthilia ya Kikorea kuhusu mama anayemtafuta mwanawe.

Juzi Nelvine, binti wa jirani, alimwambia, "Mama, hiyo haina watu huko Korea. Watazamaji wameshuka, wataikatiza."

"Wanahesabu watu wa wapi?"

"Wa kwao tu."

Mchuma chai alijikanda tena kiuno. "Na mama huyu bado hajampata mwanawe," alisema, akarudisha kipindi mwanzo. "Basi wacha niangalie polepole, isiishe upesi."